Tromboni Hapewi Mke

Masanduku ya Sophie yalikuwa tayari juu ya pikapu, yamefungwa kwa kamba ya manila, na dereva alikuwa ameshageuza gari likatazama barabara. Hata ndoo zake mbili za plastiki zilikuwa zimepandishwa. Kilichobaki kuondoka nyumbani kwa baba yake, mzee Theuri, asubuhi ile ni Sophie mwenyewe, na yeye alikuwa ndani akifungwa vifungo vya gauni.

Ukungu wa Aberdare ulikuwa haujanyanyuka juu ya kabeji za Endarasha. Bendi ilikuwa imejipanga uani kwa mistari mitatu, sare nyekundu, glavu nyeupe, pua zinachuruzika kwa baridi. Mstari wa mbele ulikuwa na mapengo mawili. Koneti moja, tarumbeta fupi, haikuwepo kwa sababu mwenyewe ndiye bibi harusi. Tromboni haikuwepo kwa sababu mwenyewe, Wahome, ndiye bwana harusi. Nyuma kabisa, mgongo ukikaribia zizi la ng'ombe, alisimama Ogutu na tuba, lile pembe kubwa kuliko yote, amelipakata kifuani kama mtoto mgonjwa. Kando yake alisimama Kasyoka na ngoma kubwa.

"Si ungesema tu ni malaria?" Kasyoka alimwambia, akitazama mbele.

"Mzee alisema bila tuba hakuna maandamano."

"Na wewe ukasema ndiyo mzee."

"Nataka kumwona. Analazimishwa, Kasyoka. Mimi namjua."

"Nani amekuambia analazimishwa? Yeye?"

"Baba yake anaweza kulazimisha hata mvua."

Kasyoka alipiga chafya. Alikuwa mtu wa Kitui kwa asili, binti wa polisi, amezaliwa na kukulia Kiganjo, na ulimi wake haukujua kubembeleza mtu. "Basi enda umuulize," alisema. "Wakina Wahome wakifika kwa geti, wamama watawafungia nje mpaka waimbe wachoke. Hapo uko na robo saa. Geti ikifunguka, imeisha. Na usilie na hiyo sare, ni ya bendi."

Ili uelewe kwa nini mwalimu wa watu, mwenye miaka thelathini na mbili na akili zake timamu, alikuwa amesimama karibu na mavi ya ng'ombe siku ambayo msichana wake anaolewa, lazima nikuambie juu ya Theuri na pembe zake.

Mzee Theuri alikuwa na bendi ya matarumbeta ya harusi na mazishi iliyojulikana kuanzia Othaya mpaka Nanyuki. Mtu akija kujiunga, Theuri hakumuuliza anajua kupiga nini. Alimzunguka mara mbili kama anayenunua fahali, halafu akamwambia tabia yake na akamkabidhi ala yake. Koneti, alisema, ni mtoto wa kwanza: anataka kusikika na hataki kukosolewa. Klarineti ni mtu anayelia hata akiwa ameshiba. Baritoni ni padri. Ngoma kubwa ina hasira lakini haiweki kinyongo. Watu walicheka, lakini waliamini. Kuna mama mmoja Karatina aliyekataa mkwe kwa sababu alisikia anapiga klarineti.

Ogutu, mtu wa Ugenya aliyeletwa na serikali kufundisha shule ya msingi upande wa Kiganjo, alizungukwa mara mbili akapewa tromboni. Na tromboni husimama mstari wa mbele, maana ule mkono wake mrefu wa kuteleza ukiwa nyuma utawagonga watu migongoni. Hapo mbele, kushoto kwake, ndipo aliposimama Sophie na koneti yake, binti wa mwenye bendi.

Sophie alipuliza vizuri kuliko wanaume wote wa bendi ile, ila alikuwa na shida moja. Hakuweza kuhesabu kimya. Pale koneti inaponyamaza ikingoja zamu yake, alipotea, akaingia mapema au akachelewa. Ogutu akaanza kumhesabia kwa mguu. Buti lake likagonga chini kidogo kidogo kando ya kiatu cha Sophie, moja, mbili, tatu, nne, na kwa nne ya mwisho aligusa kile kiatu. Sophie akaingia bila kukosea. Mambo yalianza hapo, buti na kiatu. Wakaendelea miaka miwili, kila Jumamosi, mbele ya maelfu ya watu, na hakuna aliyeona.

Isipokuwa Theuri. Ogutu alipoenda kumwambia anataka kuleta wazee wake kutoka Ugenya, Theuri alimsikiliza vizuri sana. Akamkaribisha chai. Halafu akasema:

"Kijana, shida yangu si kabila. Watu watakuambia ni kabila. Mimi shida yangu ni tromboni."

"Tromboni imefanya nini, mzee?"

"Angalia mwenyewe. Hiyo kitu haina vitufe. Haina mahali pa kushika. Inateleza tu ikitafuta. Ukiuliza uko wapi, inakuambia niko karibu kufika. Huyo ni mwongo. Tromboni hapewi mke katika boma yangu."

"Sasa nifanye nini?"

"Tuba," Theuri alisema. "Tuba ni mume. Inabeba wote na haiombi wimbo. Nipigie tuba mwaka mzima bila kukosa Jumamosi hata moja, halafu uje tuongee kama wanaume."

Na Ogutu akakubali. Alifurahi, hata. Alienda nyumbani akiimba. Wiki iliyofuata alikabidhi tromboni kwa Wahome, kijana wa Naro Moru mwenye shamba la viazi, akabeba tuba, akaenda mstari wa nyuma. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule wa tuba, wazee wa Wahome walifika Endarasha na mbuzi. Ogutu alisikia habari kutoka kwa muuza gazeti.

Basi, magari ya bwana harusi yalisikika yakipanda kilima, honi zote zinalia. Wanawake wa boma wakakimbilia geti, wakalifunga kwa mnyororo, wakaanza kuimba kwamba hapa hakuna msichana wa kutoa, rudini mlikotoka. Wa nje wakajibu kwa wimbo. Ogutu akaiweka tuba chini kwenye nyasi, akazunguka nyuma ya nyumba.

Kwenye mlango wa jikoni alikutana na Nyaguthii, shangazi yake Sophie, aliyemwita Tata, amebeba sinia ya maandazi.

"Wewe mwalimu, bendi iko mbele."

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na Sophie dakika mbili."

"Ati kuongea? Leo? Kwani mlikuwa mnaongea lini? Enda ukapulize bomba yako."

"Tata, mwache." Ilikuwa sauti ya Sophie kutoka ndani. "Mwache tu. Nakuja."

Akatoka. Alikuwa ameinua gauni kwa mikono miwili lisiguse matope, na chini yake alikuwa amevaa gambuti za babake. Ogutu alimtazama akasahau maneno yote aliyoyapanga tangu Kiganjo. Alikuwa amezoea mgongo wake. Kwa mwaka mzima alikuwa ameona mgongo tu, shingo, ile nywele ndogo inayokataa kukaa chini ya kofia. Uso ulimjia kama kitu kipya. Walisimama nyuma ya tangi la maji.

"Umependeza," alisema.

"Sema haraka, Ogutu. Hao wamama hawana pumzi nyingi."

"Nimekuja na gari. Iko kwa barabara ya chini, karibu na mtambo wa maziwa. Tunapita kwa shamba la kabeji, hakuna mtu atatuona. Jioni tuko Kisumu. Mjomba wangu anajua."

Sophie alitazama gambuti zake.

"Najua anakulazimisha," Ogutu aliendelea. "Mimi nilifanya yote alisema. Mwaka mzima. Sikukosa hata Jumamosi moja, hata ile nilikuwa na homa. Amevunja neno lake, sasa sisi pia hatuna deni na yeye. Twende."

"Hakuna mtu ananilazimisha."

"Usiogope. Sema tu."

"Ogutu, niangalie. Niko na uso ya mtu anaogopa?"

Hakuwa nao. Huko mbele wanawake walikuwa wamefika ule ubeti wa kuwadai wageni asali na blanketi. Ogutu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa na kusema si kitu.

"Unampenda Wahome."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Unataka kujua kweli? Karatina. Ile harusi ya mvua."

"Mwezi wa nne?"

"Mvua ikaja tukiwa katikati ya barabara. Wahome akavua koti akafunika koneti yangu, akabaki na shati, akalowa mpaka meno zikagongana. Mimi nikageuka nyuma nikutafute. Unajua nilikuona ukifanya nini? Ulikuwa umevua koti yako umefunika tuba."

"Baba yako alikuwa ananiangalia!"

"Na mimi nilikuwa nakuangalia."

Ogutu akalitazama koti la sare yake.

"Wiki mbili za kwanza ukienda nyuma," Sophie alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, sauti ya kusoma orodha, "nilikuwa nakosea kila wimbo. Baba ananigombeza mbele ya watu. Nikasema Ogutu atasikia, atarudi, atamwambia mzee sitaki hiyo tuba. Hukurudi. Halafu siku moja nikasikia mtu anagonga mguu hapo kando. Moja, mbili, tatu, nne."

"Ni mimi nilimfundisha," Ogutu alisema. "Nilimwambia Wahome, huyu hawezi kuhesabu, msaidie na mguu. Nilimwomba kama rafiki. Ili usigombezwe."

"Najua. Aliniambia."

"Basi ni mimi, Sophie! Huo mguu ulikuwa wangu!"

"Mguu ulikuwa wa Wahome. Wewe ulikuwa huko nyuma, kwa ng'ombe."

Akakunja gauni vizuri mkononi. Ogutu alitaka kumshika, akaona gauni lilivyo jeupe na glavu zake zilivyo na dawa ya kung'arishia shaba, akaziacha zining'inie.

"Ulimuuliza baba uwe mtu wa aina gani," Sophie alisema. "Mimi hukuniuliza. Ningekuambia. Nilikuwa napenda mtu wa tromboni. Ile kuteleza, ile kutafuta noti mpaka apate, ndiyo ilikuwa inanifurahisha. Wewe ukaenda ukageuka kitu ya kupendeza mzee. Sasa oa mzee."

"Unanitukana siku ya harusi yako."

"Nakuambia ukweli ndiyo usinifuate na hiyo gari. Na sikiliza, mzee alikuwa sawa. Alikupa tuba, na wewe ni tuba kabisa. Unabeba na hauombi."

"Nilikuwa nakuomba wewe kwa mzee!"

"Hukuniomba mimi chochote, Ogutu. Hata leo. Umekuja ukaniambia gari iko wapi."

Hapo Theuri alitokea kwenye kona ya tangi. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia ya bendi yenye uzi wa dhahabu, kijiti cha kuongozea kwapani. Hakushangaa hata kidogo.

"Sophie, ingia ndani uvae viatu. Tata yako anakutafuta."

Sophie alimtazama Ogutu mara moja, si kwa hasira wala kwa huruma, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango. Akaingia. Gambuti zikaacha alama kwenye matope.

"Mwalimu," Theuri alisema, "bendi inangoja tuba."

"Uliniahidi, mzee. Uliniambia mwaka mmoja."

"Nilisema uje tuongee. Umekuja. Tunaongea."

"Ulisema tromboni ni mwongo. Ulisema tromboni hapewi mke katika boma yako. Wahome anapiga nini? Si tromboni? Ile ile, nilimkabidhi kwa mkono wangu!"

Theuri akachukua muda kufuta kijiti chake kwa leso. "Tromboni ilikuwa mwongo ikishikwa na wewe," alisema. "Wahome namjua babake. Najua nyanyake. Najua hata ng'ombe wao."

"Basi ni kabila."

"Mimi sisemi hiyo neno."

"Na zile tabia zote? Koneti, klarineti, sijui nani ni padri?"

Mzee akacheka. Lilikuwa cheko zuri, la mtu anayefurahia kazi yake, na ndilo lililomuumiza Ogutu kuliko matusi. "Kijana, wewe ni mwalimu. Nani atabeba tuba kutoka hapa mpaka Mweiga kwa mguu kama hujamwambia ni mtu wa maana? Nani atapiga ngoma siku nzima kwa jua? Unampa mtu jina kidogo, anabeba. Nimefanya hivyo miaka arobaini. Hakuna ala iko na tabia. Ni mabati tu."

"Ulinidanganya."

"Nilikupanga. Mimi kazi yangu ni kupanga watu. Mke wangu, Mungu amrehemu, nilimpata kwaya, tulipangwa kando kwa kando, nikasikia akivuta pumzi miezi sita. Ningekukataza msichana wangu, angekufuata usiku huo huo. Namjua, ni koneti." Akagundua alichosema, akatabasamu mwenyewe. "Kwa hivyo sikukukataza. Nilikupeleka mstari wa nyuma tu. Nikaweka mwingine pale mbele. Zile zingine mlifanya wenyewe."

Mnyororo wa geti ulilia. Vigelegele vikapanda.

"Sasa," Theuri alisema, "unaweza kwenda nyumbani, na binti yangu atoke kwa boma ya babake bila besi, watu wa Naro Moru wacheke. Ama unaweza kupiga. Mimi sikulazimishi."

Ogutu alirudi uani. Mtu mwingine angeondoka, najua. Wengi wakisikia hadithi hii huniambia wangeondoka, wengine wangempiga mzee. Yeye alirudi, akaokota tuba kwenye nyasi, akamwaga maji ya pumzi yaliyokuwa ndani yake.

"Haya?" Kasyoka aliuliza.

"Halazimishwi."

Kasyoka hakusema nilikuambia. Alivuta ngoma ikakaa sawa tumboni, akasema tu, "Funga kifungo cha juu. Anatoka."

Sophie akatoka mlangoni, viatu vyeupe, mkono kwenye mkono wa babake. Geti likawa wazi, na Wahome akaingia mbele ya watu wake, suti ya buluu, uso umejaa meno. Alikuwa amebeba tromboni. Hiyo haikuwa kwenye mpango. Akasema kwa sauti kubwa kwamba hawezi kumchukua msichana wa bendi kwa mikono mitupu, na kwamba anaomba wimbo mmoja, wa kwake na Sophie, bendi imsaidie kutoka nyuma. Watu wakashangilia. Kasyoka akanong'ona, "Mungu wangu." Theuri akainua kijiti, akatazama mstari wa nyuma, akashusha.

Na Ogutu akapuliza. Pum, pum, pum, pum. Wahome hakuwa mpigaji mkubwa, alipotea kwenye ubeti wa pili, akateleza akitafuta noti, na Ogutu angeweza kumwacha aanguke mbele ya wakwe na kamera zote. Badala yake alikaza besi, akamshikilia, akamrudisha kwenye wimbo. Hakuna aliyesikia. Sophie alisikia. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea zizi, robo tu ya uso, kisha akakirudisha kwa mume wake akacheka, kwa sababu Wahome alikuwa amepata noti. Wakati wote huo buti la Ogutu lilikuwa likigonga chini kando ya kinyesi cha ng'ombe, na ilipofika nne ya mwisho likasogea kushoto, likagusa hewa.

Pikapu ikatangulia na masanduku na zile ndoo. Magari yakafuata. Bendi ikatembea nyuma yake mpaka barabara ya lami, kama desturi, halafu ikasimama, na moshi wa magari ukawa wao.

Sophie na Wahome wanakaa Naro Moru. Wana watoto wawili na lori moja. Wahome si mwongo, ni mtu mzuri, na hilo Ogutu hakuweza kumsamehe. Wahome aliacha tromboni mwaka wa pili wa ndoa kwa sababu ya kazi ya viazi. Sophie hupiga koneti kanisani Krismasi, na watu husema anaingia mapema.

Theuri bado ana bendi. Magoti yamemshinda, anaongoza akiwa ameketi. Mtu mpya akija, humzunguka mara mbili kwa mkongojo na kumwambia tabia yake.

Kasyoka aliolewa Machakos akaachana na mume, akarudi Kiganjo. Ana duka la vifaa vya shule. Ngoma aliirudisha.

Nyaguthii alikufa mwaka jana, bendi ikampigia.

Ogutu aliomba uhamisho mwezi ule ule wa harusi, akapelekwa Murang'a. Hajaoa. Anafundisha darasa la sita, na Ijumaa mchana anafundisha muziki, maana hakuna mwalimu mwingine anayejua. Sanduku la ala linafunguliwa, watoto wanajipanga, na yeye anampa kila mmoja ile iliyo juu. Mtoto akimuuliza, mwalimu, kwa nini mimi umenipa hii, humwambia ni kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mkono.